Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: huduma za chinichini kwenye seva ya kuprinti

Haya ni maswali ninayoulizwa karibu kila wiki na watu wanaolea seva za kuprinti. Nimejibu kama ninavyomjibu mtu akinipigia simu. Mengi yanaanza hivihivi, mtu kaona karatasi hazitoki, moja kwa moja kaenda kurestati, ikishindikana ndo ananitafuta, na hapo nikimuuliza logi (kumbukumbu ya matukio ya mashine) ilisemaje hana jibu maana hakuangalia. Nakuomba kitu kimoja tu kabla hujasoma mengine: angalia kwanza kilichosimama ni kipi, soma logi, halafu ndo uzime na kuwasha. Ukiwasha upya mapema unafuta hali iliyokuwepo pale tatizo linatokea, na kesho likirudi unaanza upya kabisa.

Huduma ya chinichini ni nini hasa, na kwenye seva ya kuprinti ziko ngapi?

Ni programu isiyo na dirisha. Inaamka mashine ikiwaka, haisubiri mtu aingie na paswedi yake, na inaendelea hata wote mkiwa mmelala. Kwenye Windows mama wa zote anaitwa Print Spooler, ndo inayopokea kazi za kuprinti, kuzipanga foleni na kuzipeleka kwa printa; faili lake ni spoolsv.exe, sisi tunaita spula tu. Kwenye Linux na Mac kazi hiyohiyo inafanywa na CUPS, na huduma yenyewe inaitwa cupsd.

Juu ya hapo kuna programu za kusimamia, zile zinazohesabu kurasa na kumkata mtu salio. Chukua PaperCut kama mfano: ina Application Server inayoshika database na ukurasa wa admini kwenye poti 9191, halafu ina Print Provider inayokaa jirani na spula na kuchungulia kila kazi inayoingia kwenye foleni. Kwa hiyo mtu akikwambia "seva ya kuprinti imekufa" anaweza kuwa anamaanisha spula, au huduma ya kuhesabu, au ukurasa wa admini peke yake, au printa tu imeishiwa karatasi. Hivyo ni vitu vinne tofauti na kila kimoja kina dawa yake.

Karatasi hazitoki, nianzie wapi?

Ifuate kazi njia yake yote. Mtu akibonyeza kuprinti, kwenye Windows kazi inatua kwenye folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS ikiwa na mafaili mawili, moja linaishia .SPL ambalo ndo kazi yenyewe na lingine .SHD ambalo limebeba maelezo, nani katuma, printa ipi na kadhalika. Fungua hiyo folda halafu muombe mtu atume ukurasa mmoja. Kama hakuna faili jipya linalotokea, kazi haijafika kwenye seva, kwa hiyo acha kuisumbua spula, nenda kwenye kompyuta ya mtumaji au kwenye mtandao. Kama faili linatokea na halitoki, kazi imefika na imekwama kati ya spula na printa.

Hapo jaribu poti. Printa nyingi za mtandao zinapokea kazi kwenye poti 9100, kwenye PowerShell andika Test-NetConnection ikifuatwa na IP ya printa na -Port 9100. Ikikujibu False hata ukirestati spula mara kumi haitasaidia, maana spula ni nzima, ila haina pa kupeleka kazi. Nimeona watu wakimaliza asubuhi nzima hapa, na kumbe printa ilibadilishiwa IP usiku.

Spula inasema Running lakini foleni haitembei. Inakuwaje?

Running maana yake ni moja tu, kwamba programu haijafa. Haimaanishi inafanya kazi. Inaweza kuwa imeganda inasubiri draiva (programu inayoongea na printa) ijibu, au inasubiri printa moja mbovu huku kazi zingine zimepanga mstari nyuma yake. Ndo maana kama unaweka mtambo wa kufuatilia seva usiridhike na kuangalia hali ya huduma peke yake, fuatilia pia umri wa kazi kongwe kwenye foleni. Kazi ikikaa dakika 15 bila kusogea, hapo pigiwa simu.

Na printa ikionekana Offline wakati ukiiendea iko macho na inaprinti karatasi ya majaribio vizuri, angalia mipangilio ya poti kwanza, kuna kiboksi kinachoitwa SNMP Status Enabled. Windows inaiuliza printa hali yake kwa SNMP, lugha ya mtandao ya kuulizia hali ya vifaa, na isipojibiwa inaamua printa haipo. Ukitoa ile tiki mara nyingi inarudi hewani hapohapo, bila kugusa huduma yoyote.

Nirestati vipi kwenye Windows bila kuharibu?

Fungua dirisha la amri kama admini, andika net stop spooler, subiri iseme imesimama, kisha net start spooler. Au ingia services.msc, tafuta Print Spooler, raiti-kliki, Restart. Kwenye PowerShell ni Restart-Service Spooler.

Kazi zilizokuwa kwenye foleni hazipotei, ziko kwenye diski, spula ikiamka inazisoma na kuendelea. Ila ile iliyokuwa katikati ya kuprintiwa inaweza kuanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, kwa hiyo kama ni hati ya kurasa 200 waambie watu kabla hujagusa.

Ukitaka kusafisha foleni yote ndo unazima, unafuta vilivyomo ndani ya folda ya PRINTERS (vilivyomo tu, folda yenyewe iache), unawasha. Hilo ni la mwisho kabisa kwa sababu unafuta kazi za watu ambao hata hawajui kuna tatizo.

Nilirestati spula, watu wanaprinti vizuri tu, lakini kurasa hazihesabiwi tena. Kwa nini?

Hili swali nalipenda kwa sababu jibu lake halionekani kwa macho. Kuna huduma zinazoitegemea spula. Ukiandika net stop spooler Windows inakuorodheshea zile zinazoitegemea na kukuuliza kama nazo zizimwe, watu wanabonyeza Y haraka bila kusoma. Sasa ukija net start spooler inawashwa spula peke yake. Zile zingine zinabaki zimelala na hakuna atakayekwambia.

Ukitumia kitufe cha Restart kwenye services.msc yenyewe inazizima na kuziwasha zote pamoja. Kwa hiyo ukipenda njia ya amri, andika majina ya zile zilizotajwa kabla hujabonyeza Y, na baada ya spula kuwaka ziwashe moja moja. Kisha tuma ukurasa mmoja na uangalie kama umehesabiwa, usiishie kuona kijani tu.

Spula inakufa kila nikiiwasha, sekunde chache tu imelala tena.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeipitia mwenyewe na ilinitesa.

Kulikuwa na seva nilikuwa nailea, asubuhi moja spula ikawa inawaka, inahesabu kama sekunde kumi hivi, inakufa. Kwenye logi ya System tukio namba 7031 limejipanga moja chini ya jingine, "terminated unexpectedly", na mwishoni hata kujaribu kujiwasha ikaacha. Nikarestati seva nzima, vilevile. Nikafikiria kuondoa draiva zote. Kabla sijafanya hivyo nikafungua folda ya PRINTERS nikakuta jozi kumi na kitu za mafaili, na jozi moja, ile 00042.SPL na mwenzake 00042.SHD, ilikuwa ya tangu jana jioni, kongwe kuliko zote. Nikazima spula, nikatengeneza folda pembeni, nikahamishia ile jozi moja tu. Nikawasha. Ikashika. Kazi zingine zote zikaanza kutoka, mashine zinanguruma ofisi nzima, mimi nimekaa naangalia foleni inavyopungua.

Ilichokuwa inafanya ni hivi: spula ikiamka inasoma kazi zilizobaki, inafika kwenye ile iliyoharibika, inamkabidhi draiva, draiva anaanguka, na kwa sababu draiva anaishi ndani ya spula anaanguka nayo. Windows inaiwasha tena, inasoma tena kazi ileile, inaanguka tena. Ndo maana kuwasha upya hakusaidii, kila ukiwasha unairudisha kwenye shimo lilelile.

Kwa hiyo ikikutokea: zima, hamisha mafaili yote pembeni usiyafute, washa ukiwa na folda tupu. Ikishika, kosa liko kwenye kazi fulani, zima tena na uzirudishe nusu nusu hadi umpate mwenye matatizo. Isiposhika hata folda ikiwa tupu, kosa liko kwenye draiva au kwenye huduma yenyewe, hapo fungua logi ya Application utafute tukio namba 1000, ndani yake kuna jina la moduli iliyoanguka, na jina la faili la draiva mara nyingi liko palepale.

Ukishamjua draiva mkorofi na huwezi kumtoa leo, mtenge. Ingia Print Management, upande wa Drivers, raiti-kliki, Set Driver Isolation, chagua Isolated. Kuanzia hapo anafanyia kazi ndani ya PrintIsolationHost.exe yake peke yake, akianguka anaanguka peke yake na spula inabaki imesimama. Kwa maoni yangu hiki ndo kitufe chenye faida kubwa kuliko vyote kwenye seva ya Windows na watu wengi hawajawahi kukifungua.

Nawezaje kuifanya huduma ijiwashe yenyewe ikifa?

Kwenye services.msc fungua huduma, nenda Recovery. Kuna nafasi tatu, kosa la kwanza, la pili, na yanayofuata. Angalia hasa ile ya tatu maana mara nyingi utaikuta Take No Action, yaani ikifa mara ya tatu inaachwa ilale. Kwa amri ni hivi:

sc.exe failure spooler reset= 86400 actions= restart/60000/restart/60000/restart/60000

Ile 86400 ni sekunde, siku moja, ikipita bila kosa hesabu inaanza upya. 60000 ni milisekunde, dakika moja ya kusubiri. Baada ya alama ya = lazima uache nafasi. Na ukiwa ndani ya Windows PowerShell andika sc.exe yote, kwa sababu pale sc peke yake ni jina fupi la amri nyingine kabisa, Set-Content, inayoandika kwenye mafaili.

Kwenye Linux unaandika systemctl edit cups, unaongeza Restart=on-failure na RestartSec=10 chini ya [Service]. Kumbuka systemd, ile inayowasha na kusimamia huduma za Linux, ina kikomo chake, kwa kawaida huduma ikiwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10 inakata tamaa, ndo maana nimeweka hizo sekunde 10 za kusubiri.

Lakini kujiwasha si kupona. Weka na taarifa ya kukufikia wewe kila inapotokea, la sivyo huduma itakuwa inakufa mara nne kwa siku na wewe huna habari.

Huduma ya programu yetu haiwaki seva ikianza, ila nikiiwasha kwa mkono inawaka bila shida.

Ukiona kosa 1053 au kwenye logi tukio 7009, huduma haikujibu ndani ya muda, na muda wa kawaida ni sekunde 30. Asubuhi seva ikiamka kila kitu kinagombania diski, database bado haijafunguka, na huduma yako inaitafuta database haioni. Ukija wewe baada ya dakika tano kila kitu kimetulia, ndo maana kwa mkono inakubali.

Jaribu kwanza Automatic (Delayed Start), inasubiri kama dakika mbili baada ya zile za kawaida kuwaka. Isipotosha, fanya huduma yako iitegemee huduma ya database, kwa sc.exe config na depend=. Sasa tahadhari, na hii imewaumiza wengi: depend= haiongezi kwenye orodha, inaandika orodha mpya na kufuta ya zamani. Kwa hiyo soma kwanza zilizopo kwa sc.exe qc na jina la huduma, halafu ziandike zote upya pamoja na yako, ukizitenganisha kwa mkwaju (/). Na usifanye hivi kwa spula yenyewe, ile ina za kwake, RPC na HTTP, iache.

Kosa 1069 ni nini? Jana ilikuwa nzima.

Paswedi. Huduma inaendeshwa kwa akaunti fulani, paswedi ya akaunti imebadilishwa au imeisha muda, huduma bado imeshika ya zamani. Haisemi chochote hadi siku ikirestatiwa, ndo maana unaweza kuibadilisha leo na kosa likatokea wiki tatu mbele wakati wa apdeti. Weka paswedi mpya kwenye Log On.

Spula yenyewe inatumia LocalSystem, akaunti ya ndani ya Windows yenye nguvu zote za mashine. Usiibadilishe.

Nimezima CUPS kwa systemctl stop, baada ya muda imerudi yenyewe. Kuna mtu anaiwasha?

Hapana, soma ile onyo iliyotokea ulipoizima. Systemd inakuandikia kwamba cups.service bado inaweza kuamshwa na cups.socket na cups.path. Yaani kuna mlango umeachwa wazi, programu yoyote ikiugonga, hata ukiandika lpstat mwenyewe, huduma inaamka. Kuizima kweli zima zote tatu kwa pamoja:

systemctl stop cups.socket cups.path cups.service

Na kinyume chake pia kipo. Ukikuta cups imeandikwa inactive (dead) usishtuke kabla hujajaribu kuprinti. Pale inapowekwa iamshwe kwa mahitaji na hakuna printa inayogawiwa wengine, ikikaa bila kazi inajizima, kawaida baada ya sekunde 60, na inaamka kazi ikija.

Ukibadilisha cupsd.conf, kabla ya kurestati andika cupsd -t. Inakagua faili na kukwambia kama kuna kosa. Sekunde mbili tu.

CUPS iko hewani, printa nayo imewashwa, lakini kazi zote zimesimama.

Andika lpstat -p. Ukiona jina la printa limefuatwa na disabled since na tarehe, basi CUPS ndiyo iliyosimamisha hiyo foleni. Ilipeleka kazi, ikashindwa, ikafuata sera ya makosa inayoitwa stop-printer. Mtu kachomoa waya wa mtandao dakika moja tu kusafisha, akarudisha, lakini foleni haijui kwamba waya umerudi. Andika cupsenable na jina la printa, inaendelea.

Kama inajirudia badilisha sera:

lpadmin -p jina -o printer-error-policy=retry-job

Hapo ikishindwa inajaribu tena baadaye bila kusimamisha foleni nzima. Kwa ofisi yenye printa za mtandao mimi siachi stop-printer hata siku moja.

Kuna na cupsreject na cupsaccept, hizo ni za kukataa na kukubali kazi mpya kuingia kwenye foleni. Ni tofauti na cupsdisable ambayo inapokea kazi ila haizipeleki. Ukiwa unafanya matengenezo ya nusu saa tumia cupsdisable, watu wataendelea kutuma na ukimaliza zitatoka zote. Printa ikipelekwa kwa fundi wiki nzima tumia cupsreject, ili mtu ajue saa hiyohiyo kwamba haipo.

Logi ziko wapi?

Windows: fungua Event Viewer, Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, PrintService. Ndani kuna Admin na Operational. Operational imezimwa tangu mwanzo, raiti-kliki uiwashe leo, usisubiri tatizo, kwa sababu haiwezi kukuonyesha ya jana. Ukiiwasha utapata tukio 307 kwa kila hati iliyoprintiwa, lina jina la mtumiaji, printa, na idadi ya kurasa. Makosa ya huduma zenyewe kuanguka yako kwenye logi ya System.

Linux: /var/log/cups/error_log, na journalctl -u cups. Maelezo yakiwa machache andika cupsctl --debug-logging, rudia tatizo, soma, kisha cupsctl --no-debug-logging. Usisahau hiyo ya mwisho maana logi za namna hiyo zinanenepa haraka.

Diski imejaa na kuprinti kumesimama, nifute nini?

Kwenye Windows angalia kama kuna printa iliyowekewa tiki ya Keep printed documents, ipo kwenye Advanced ya printa. Ikiwekwa, kila kazi inabaki kwenye diski hata baada ya kutoka. Itoe. Kama seva ina kazi nyingi hamisha folda ya spula kwenye diski nyingine, kwa Print Server Properties, Advanced, ili ikijaa isiujaze mfumo mzima. Fanya wakati hakuna kazi kwenye foleni, zile zilizomo hazihami nayo.

Kwenye CUPS mafaili yako /var/spool/cups, na hapa kuna jambo ambalo si la diski tu. Kwa kawaida CUPS inabaki na faili la kazi kwa sekunde 86400 baada ya kuprintiwa. Siku nzima! Yaani orodha ya mishahara iliyoprintiwa asubuhi, kesho asubuhi bado iko kwenye seva, na mwenye ruhusa ya root anaweza kuifungua. Weka PreserveJobFiles No kwenye cupsd.conf kama ofisi yako inaprinti vitu vya siri, na ofisi gani haiprinti. Kuondoa zilizopo tumia cancel -a -x, lakini hiyo inaondoa na zinazosubiri, fanya foleni zikiwa tupu.

Naweza kumruhusu mtu wa dawati la msaada arestati bila kumpa uadmini wote?

Ndiyo, na nakusihi ufanye hivyo, kuliko kugawa paswedi ya admini kwa watu sita. Linux ni mstari mmoja kwenye sudoers, kupitia visudo:

%msaada ALL=(root) /usr/bin/systemctl restart cups.service

Kikundi cha msaada kitaweza amri hiyo tu, si nyingine. Kwenye Windows pitia Group Policy (mipangilio inayosimamia mashine za Windows), kwenye System Services chini ya mipangilio ya usalama, ongeza kikundi na uwape ruhusa ya kuanzisha na kusimamisha Print Spooler. Jaribu kwanza kwenye seva moja.

Nimesikia spula ni hatari, niizime kabisa?

Kwenye seva isiyoprinti, izime leo. Mwaka 2021, mwezi Julai, lilitoka lile tundu la usalama lililoitwa PrintNightmare, namba yake ya utambulisho CVE-2021-34527, mtu mwenye akaunti ya kawaida tu ndani ya mtandao aliweza kuifanya spula iendeshe programu yake, na kwa kuwa spula ni LocalSystem, programu hiyo inapata nguvu zote za mashine. Domain controller, ile seva inayoshika akaunti za watu wote kwenye mtandao wa Windows, haina sababu ya kuwa na spula, zima na uweke Disabled.

Kompyuta inayoprinti yenyewe tu na haigawi printa kwa wengine, iache spula ila funga mlango wa nje: kwenye Group Policy kuna Allow Print Spooler to accept client connections, iweke Disabled, kisha restati spula. Itaprinti kama kawaida ila haitapokea wageni.

Linux nayo haikusalimika. Septemba 2024 yalitangazwa matundu kwenye cups-browsed, huduma inayotafuta printa za mtandao yenyewe, CVE-2024-47176 na wenzake, ilikuwa inasikiliza UDP poti 631 na kumwamini yeyote anayejitambulisha kama printa. Kama printa zako umeziweka kwa mkono huihitaji, systemctl disable --now cups-browsed. PaperCut nao walikuwa na CVE-2023-27350, marekebisho yalitoka Machi 2023, na mwezi uliofuata seva ambazo hazijasasishwa zikaanza kuvamiwa. Ukurasa wa admini usiutoe nje kwenye intaneti, hauna kazi huko.

Nipange ratiba ya kurestati spula kila usiku?

Mimi sishauri. Najua kuna wanaofanya na wanasema imewatulizia mambo, lakini kama huduma haiwezi kumaliza siku mbili bila kurestatiwa kuna draiva anayekula memori taratibu, na ukiificha kila usiku hutamjua. Fuatilia memori ya spoolsv.exe wiki moja, ikipanda bila kushuka anza kutenga draiva mmoja mmoja hadi umjue. Kama umebanwa na lazima upange ratiba kwa sasa, iweke na tarehe ya kuiondoa.

Kwenye Mac je?

Ni CUPS ileile chini ya launchd, msimamizi wa huduma wa Mac. Kuirestati ni sudo launchctl kickstart -k system/org.cups.cupsd. Kile kitufe cha Reset printing system kinaondoa printa zote na kazi zote, kwa hiyo kiwe cha mwisho.

Nikitaka kusasisha programu ya kusimamia kuprinti, nizime huduma kwa mpangilio upi?

Kwanza bakapu ya database, na uhakikishe bakapu inafunguka. Halafu zima Application Server au yoyote inayoshika database, kisha ile inayokaa na spula. Spula yenyewe haina haja ya kuzimwa isipokuwa maelekezo ya toleo yaseme hivyo. Ukimaliza kusasisha washa kwa mpangilio huu: spula iko hewani, database inajibu, huduma ya kusimamia, mwisho ile inayokaa na spula. Kabla hujawaambia watu kuko sawa tuma kurasa mbili kutoka kwenye akaunti ya kawaida, si ya kwako ya admini, uone zimetoka, uone zimehesabiwa mbili, na uone salio limepungua inavyotakiwa. Akaunti ya admini ina ruhusa nyingi na inaweza kupita pale mtumiaji wa kawaida atakapokwama kesho saa mbili asubuhi.